Tulivyomficha mgeni wa college ng'ombe wa Mama huku tukimnywesha maziwa yake kila siku

Wakuu, hodi humu. Nimevua viatu, nimekaa karibu na mlango, msinihamishe.

Haya nitakayosimulia ni ya kweli. Naapa kwa meno yangu, na kwa vile yamebaki machache siwezi kuyachezea.

Account nilifunguliwa na mjukuu wangu Chebet, na yeye ndiye chanzo cha uzi huu. Amepata nafasi ya kwenda ng'ambo kusoma muhula mmoja, kujitolea kwa nyumba ya wazee, na kukaa na familia ya huko. Wanaita host family. Juzi akaniuliza, "Kugo," yaani babu, "mtu akienda kukaa kwa watu asiowajua, anatakiwa kujua nini?"

Hapo alikosea mlango. Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa Nakuru, na nilirudi jioni hiyo hiyo kwa sababu sikupenda chai yao. Nimezaliwa karibu na Plateau, nimezeekea Yamumbi, na hata huo uhamisho niliupinga. Secondary nilisoma boarding, na kila shule ikifungwa mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza nje ya geti, sanduku kichwani.

Lakini upande wa pili wa host family naujua vizuri. Yaani upande wa wale wanaokaliwa.

Sisi tulikaliwa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Tulikuwa maskwota kwa shamba la Kaburu mmoja. Kwa faida ya nyinyi watoto wa WiFi: skwota ni mtu anayeishi kwa ardhi ya babu yake kwa ruhusa ya mtu aliyekuja juzi.

Huyo Kaburu tulimwita Bwana Kesho. Si kwa ubaya. Ukiomba ruhusa ya kwenda mazishi, anakuambia kesho. Ukiomba mshahara, kesho. Mabati ya shule ya shamba yalikuwa ya kesho tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Kitu kimoja tu alikuwa akikifanya siku hiyo hiyo. Kuhesabu ng'ombe za watu.

Kila skwota alikuwa na kiasi chake cha ng'ombe alichoruhusiwa. Ukipatikana na wa ziada, ng'ombe anapelekwa mnada huko mjini Eldoret, na wewe unapakiwa kwa lori na mke na sufuria, unaenda kumwagwa mpakani mwa Reserve, kule Waafrika walikotengewa. Hatukusikia kwa redio. Tuliona lori la jirani likipita na kitanda juu, na kuku amekaa juu ya kitanda ametulia kama memsahib.

Sasa mimi, mtu wa kukaa nyumbani, lori kama hilo lilinipa homa. Nyumba ikienda, nitakaa wapi?

Na sisi tulikuwa na wa ziada.

Jina lake Lelgut, kwa sababu alikuwa mweusi na mdomo mweupe, kama aliyetoka kunywa uji akasahau kujipangusa. Alikuwa ng'ombe wa Mama. Alipewa na baba yake siku ya kuolewa, si kwa mahari, zawadi tu, ili asikae kwa watu mikono mitupu. Kwa boma yetu kila kitu kilikuwa cha Baba, hata usingizi wetu. Lelgut peke yake alikuwa wa Mama.

Kwa serikali na kwa Bwana Kesho, Lelgut hakuwepo. Mchana alikuwa anakaa kwa ile miti ya wattle karibu na mto, na Mama alikuwa akienda kumkamua huko. Majirani pia walikuwa na ng'ombe ambao hawakuwepo. Ungeingia kwa wattle asubuhi ungedhani ni siku ya mnada.

Ndipo watu wa misheni ya Plateau wakaja na habari njema.

Kuna wanafunzi wa college wametoka Uingereza. Wanataka kusoma maisha ya Mwafrika, na kujitolea, na kukaa naye kwa nyumba yake. Wawili wamekubali kubaki misheni wasaidie hospitali. Wa tatu, jina lake Roland, amesema hakuvuka bahari yote hiyo ili akakae na Waingereza wengine.

Wakamtazama Baba.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya shamba na siku ya Jumapili ndiye mhubiri. Jumapili iliyotangulia alikuwa amehubiri juu ya kukaribisha wageni, mpaka watu wengine wakalia. Sasa angesema nini?

Bwana Kesho alipoombwa ruhusa alicheka sana. Alisema huyo kijana atakimbia kesho.

Roland aliletwa jioni moja ya mwezi wa nane, matope kila mahali. Alikuwa mrefu, mwembamba, masikio mekundu ya baridi. Mimi nilikuwa likizo, na kwa sababu nilikuwa form two nikafanywa interpreter. Nilivaa tai. Sijui kwa nini nilivaa tai.

Majirani walijaa. Baba akasimama akatoa neno la kumpokea, mimi nikatafsiri kwa Kiingereza changu chote. Akasema, "Mwambie hapa ni kwao. Mwambie kuanzia leo ni mtoto wa boma hii, na mtoto wa boma hii hakosi ng'ombe."

Wakuu, hayo ni maneno ya heshima tu. Ni kama nyinyi mnavyoandikiana "karibu nyumbani siku moja". Hakuna anayeweka sufuria motoni.

Roland aliinama, akashukuru, akaonekana kuguswa moyo.

Mama akampa jina pale pale. Akamwita Kiprotich. Roland akaniuliza maana yake, nikamwambia kwa fahari ni mtu aliyefika wakati ng'ombe wanarudi nyumbani.

"Ng'ombe wengi?" akauliza Roland, macho yameng'aa.

Baba akakohoa.

Hapo mjue tabia ya Baba. Alikuwa mtu wa Mungu, uongo hasemi. Lakini ukweli nao ukiwa na hatari, alikuwa anakohoa. Tulikuwa tunaishi kwa hicho kikohozi kuliko kwa mshahara wake.

Sasa oneni shida yenyewe ilivyokaa.

Kwetu mgeni hapewi strungi. Mgeni anapewa mursik, yale maziwa ya kibuyu yaliyolala na mkaa wa mti ndani, na anaongezwa mpaka aseme basi, na akisema basi anaongezwa tena kidogo kwa kumdhihaki. Mama alikuwa radhi auze leso zake zote kuliko isemwe Plateau kwamba mgeni wake alikunywa chai nyeusi.

Kwa hivyo mgeni lazima anywe maziwa mengi. Lakini ng'ombe anayetoa hayo maziwa lazima asimwone. Kwa maana mgeni mwenyewe anakula Jumapili na Bwana Kesho.

Na wale ng'ombe walioruhusiwa, ambao mtu yeyote angeweza kuwaona pale bomani, walikuwa mmoja mzee, mmoja mtamba, na dume. Dume hata akibembelezwa vipi hatoi kitu.

Basi Lelgut akawa analisha college nzima.

Mara ya kwanza Roland alitazama ndani ya kikombe, akaona maziwa ya kijivu yenye vidoadoa vyeusi, akanitazama mimi kama mtu anayeuliza kama amekosea mtu wa hapa. Akanywa akiwa amefunga macho. Siku ya tatu alikuwa anafungua macho. Kufika wiki ya pili alikuwa anaamka na kwenda kusimama karibu na kibuyu kabla ya kuosha uso.

Kuhusu kujitolea kwake nitasema kidogo tu, kwa sababu ni marehemu sasa kama hesabu zangu ni sawa.

Alikuja kuchimba choo cha shule. Alipiga jembe mara mbili, Mama akamnyang'anya. Mgeni afanye kazi, watu watasema nini? Akaokota mawe, Mama akayapokea. Akaenda kuchota maji, dada zangu wakamkimbiza mpaka wakamfikia. Mwisho akapewa kazi ya kufundisha watoto wa shule usafi wa meno. Yeye alikuwa na meno mawili yaliyooza. Watoto walikuwa na mswaki wa kijiti na midomo kama ya tangazo la dawa. Walimsikiliza kwa adabu sana.

Kazi yake ya college ndiyo ilikuwa hatari. Alitakiwa kujifunza familia ya shambani inakula nini na hicho chakula kinatoka wapi.

Jioni ya kwanza aliniambia nimwulize Baba ana ng'ombe wangapi.

Kwetu mtu haulizwi hivyo. Huhesabu ng'ombe wa mtu kwa sauti, kama vile huhesabu watoto wake. Unasema tu wako salama, basi. Anayehesabu ni mwizi au serikali. Nilitafsiri kwa sauti ndogo nikiangalia kucha zangu.

Baba akakohoa. Halafu akasema, "Mwambie ni wachache. Mungu ametubariki."

Roland akangoja namba. Akangoja. Namba haikuja.

Lakini hawa watu wa college, ukiwafungia mlango wanapitia dirishani. Aliacha ng'ombe, akaanza kupima maziwa. Alikuwa na kikombe chake cha enameli, akawa anafuata ni mara ngapi kinajaa kwake, kwa Baba, kwangu, kwa dada zangu, kwa majirani waliopita kusalimia. Akajumlisha. Akatazama wale ng'ombe jike wawili pale nje. Akagawanya.

Siku moja akaniita pembeni, masikio mekundu, si ya baridi tena. Akaniambia amegundua jambo. Ng'ombe wa Mwalimu anatoa maziwa kuliko wale wa gredi wa Bwana Kesho waliotoka ng'ambo kwa meli. Siri ni nini?

Ningefanyaje? Nikasema ni nyasi.

Akataka zaidi.

Nikaongeza maombi.

Alifurahia zote mbili.

Basi ikafika ile Jumapili. Alitoka kwa chakula cha mchana kwa Bwana Kesho, akarudi amejaa furaha, akaniambia jinsi alivyotutetea huko. Walikuwa wamekaa mezani, wageni kadhaa wa mashamba ya jirani, mmoja akasema maskwota ni watu wa njaa na uvivu. Roland hakuvumilia. Akawaambia anakokaa yeye hakuna njaa. Akawaeleza vibuyu vya Mama. Akawapa hesabu ya vikombe. Akamaliza kwa kumwambia Bwana Kesho, mbele ya wageni wake, kwamba ng'ombe wa mwalimu wake wanawashinda wa kwake.

Nilikwenda jikoni nikamwambia Mama kwamba mgeni ametusifu sana.

"Ametusifu kwa nani?" akauliza Mama.

"Kwa Bwana Kesho."

Alikuwa amesimama akisugua kibuyu. Akakaa chini.

Hakusema kitu juu ya lori. Alisema tu, kana kwamba anaongea na kibuyu, "Baba yangu hakuniachia kitu kingine."

Ombi letu lilikuwa Bwana Kesho aseme atakuja kesho. Na ndivyo alivyosema, lakini safari hii kesho ilikuwa Jumatatu kweli, na akaja.

Mkosi nao haukosi siku. Asubuhi hiyo mvua ilinyesha, mto ukafurika, wattle ikajaa maji. Lelgut alikuwa na mimba iliyokomaa, huku akiendelea kukamuliwa kwa ajili ya elimu ya juu. Mama hakuweza kumwacha kwenye maji. Akamleta nyumbani akisema ni kwa muda tu, mpaka maji yashuke.

Ndipo nyapara akaja mbio. Huyu nyapara alikuwa mtu wa upande wa Magharibi, kazi yake ni kutushtaki, lakini alikuwa akinywa mursik yetu tangu nikiwa darasa la kwanza, kwa hivyo tulikuwa tunashtakiwa kwa taratibu. Akasema gari limeshapita shule. Bwana Kesho amembeba mwalimu na mgeni, na mgeni amekaa mbele, anaonyesha njia.

Akageuka akarudi mbio ili akaonekane anatoka upande mwingine.

Pa kumpeleka Lelgut hapakuwepo. Uwanja wazi pande zote. Mama akazungusha macho boma nzima, yakasimama kwa kibanda tulichomjengea Roland.

Nikaelewa. Nikasema, "Mama, hapana."

Akasema, "Vuta."

Mlango wa kile kibanda ulikuwa mwembamba na Lelgut alikuwa mpana pande zote mbili. Mama alisukuma, mimi nikavuta, na kwa muda kidogo ng'ombe alikuwa nusu ndani nusu nje kama mtu anayefikiria kuokoka. Halafu akaingia wote kwa mpigo, na mimi nikawa kati yake na ukuta.

Mama akanitupia kipande cha chumvi. "Mshike mdomo. Akilia, sisi wote tunalala Reserve."

Akafunga mlango, akasimama mbele yake.

Kwa hivyo wakuu, siku kubwa kuliko zote katika historia ya familia yetu, mimi niliitazama kupitia ufa wa ukuta, mkono mmoja shingoni mwa ng'ombe. Mtu wa nyumbani ni mtu wa nyumbani.

Chumvi iliisha haraka. Lelgut akatafuta kitu kingine, akaona godoro la Roland. Lilikuwa gunia lililojazwa nyasi kavu. Akalichana, akaanza kula kitanda cha mgeni. Nilitaka kumzuia, halafu nikakumbuka ng'ombe akitafuna halii. Nikamsogezea na mto.

Nje, Bwana Kesho alishuka kwa gari. "Mwalimu, leta ngombe yote. Mimi taona."

Baba akawaleta. Mzee, mtamba, dume. Bwana Kesho akahesabu, hesabu ikawa sawa. Akainama akatazama viwele. Akauliza, "Hii ndio natoa debe ya maziwa?"

Baba akakohoa.

Roland alikuwa amesimama kando, ametabasamu kama mwenye mali. Alikuwa tayari kueleza habari ya nyasi. Lakini mara ile ndiyo alikuwa anawaona wale ng'ombe wote pamoja, wamepangwa mbele yake, mbavu nje. Akamtazama dume. Akamtazama Baba. Akamtazama Mama mlangoni pa kibanda, akiwa ameshika leso yake kwa mikono miwili. Niliona tabasamu likitoka polepole. Zile hesabu zake zote za vikombe zilikuwa zinamrudia usoni.

Bwana Kesho naye macho yake yalifika kwa kibanda.

Nyumba yetu angeingia na buti bila hodi, alishafanya hivyo. Lakini hicho kilikuwa chumba cha kulala cha Mwingereza. Akamgeukia Roland, akamwomba kwa Kiingereza cha adabu kama anaweza kuona mahali anapolala. Roland akasema hakuna shida. Mama hakusogea mpaka alipoguswa bega.

Roland akafungua mlango kidogo, akaingiza kichwa.

Tulitazamana. Mimi na tai yangu, kwa maana nilikuwa naivaa kila siku tangu afike. Lelgut na mdomo wake mweupe. Kitanda hakuna. Suruali ya pajama yake ilikuwa inaning'inia kwa mdomo wa ng'ombe, mguu mmoja umeshaingia.

Akaufunga mlango taratibu, kama mtu aliyeingia ibadani akakuta watu wanaomba. Nikamsikia akimwambia Bwana Kesho kwamba chumba hakijapangwa. Bwana Kesho akacheka.

Na Lelgut, godoro likiwa limekwisha na jingine haliji, akalia.

Hakulia kidogo. Alilia na mimba yake, na mvua, na kubebeshwa college nzima. Kibanda kilitikisika.

Kule nje kila mtu alisimama alipokuwa.

"Ni nini hiyo?" akauliza Bwana Kesho.

Roland akauegemea mlango. Halafu akasema, "Ni ng'ombe wangu."

"Wako?"

"Mwalimu alinipa siku niliyofika. Mimi ni mtoto wa boma hii, na mtoto wa boma hii hakosi ng'ombe."

Wakuu, kile kilikuwa Kiingereza changu. Neno kwa neno, pamoja na makosa yangu. Alikuwa ameyashika vile vile.

Bwana Kesho akamgeukia Baba. "Mwalimu. Iko kweli wewe napatia yeye ngombe?"

Nikabana pua kwa shingo ya ng'ombe. Boma nzima tulikuwa tunangoja kikohozi, na kikohozi siku hiyo kingetumaliza.

Baba hakukohoa. Akasema, "Kweli, Bwana. Nilisema mwenyewe, mbele ya watu."

Na hakukuwa na uongo hapo hata chembe.

Sheria ilikuwa ya ng'ombe za skwota. Ya ng'ombe wa Mzungu haikusema kitu. Bwana Kesho akauliza tu mbona ng'ombe analala ndani. Roland akamjibu ana mimba na kuna mvua. Bwana Kesho akamtazama muda mrefu, jinsi unavyomtazama mtoto wa watu aliyeharibikiwa ugenini, akapanda gari lake. Hakumwita tena kwa chakula cha Jumapili. Nilisikia huko club mjini ilisemwa yuko kijana wa college Plateau anayelala na ng'ombe, na kwamba hayo ndiyo matokeo ya masomo mengi.

Gari lilipopotea Roland akafungua mlango, akanikumbatia, akacheka mpaka akakaa kwenye matope.

Alicheka peke yake.

Majirani walikuwa wamekusanyika, na Mzee Chumo, aliyekuwa mkubwa wao wote kwa umri, akaniambia nimshukuru mgeni kwa niaba ya shamba zima. Halafu akasema, "Sasa mwambie ng'ombe ni wake."

Nikamwambia. Roland akatikisa kichwa. Hapana, ile ilikuwa njia ya kumwondoa Bwana Kesho. Ng'ombe ni wa Mama.

Mzee Chumo akasema Mwalimu alitoa kwa mdomo, kijana amepokea kwa mdomo, na mashahidi ni hao wote, pamoja na Kaburu. Ng'ombe si jembe la kuazima, eti aende arudi. Akimrudisha atakuwa ameikataa boma.

Roland akamtazama Baba amwokoe. Baba akikana, atakuwa alimdanganya Bwana Kesho. Akikubali, atakuwa amegawa ng'ombe wa mkewe.

Sasa ndiyo akakohoa.

Hapo Roland akaacha kucheka kabisa. Akaniambia nimwulize Mama mwenyewe anasemaje. Masikio yalikuwa mekundu tena na sauti ilikuwa ya mtoto.

Mama alikuwa anatoa nyasi za godoro kwa sikio la Lelgut. Hakumtazama mtu. Akasema, "Mwambie afadhali amechukuliwa na mtoto kuliko na lori."

Akapangusa mikono kwa leso. "Na umwambie atafute pa kulala."

Ni Mzee Chumo aliyepata njia. Kwetu mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote kwake. Anamwekea rafiki ng'ombe kwa boma ya huyo rafiki, ili ugonjwa au wezi wakija wasimalize wote. Mtunzaji anakunywa maziwa, mwenyewe ndama ni wake. Basi Kiprotich anasafiri, hana boma huko kwao. Amwekee mtu.

Roland akamwekea Mama. Alisema maneno yote kwa lugha yetu, mimi nikiwa namlisha nusu nusu. Mama akapokea ng'ombe wake mwenyewe kama mali ya mtu, akajibu inavyotakiwa, na sauti haikutetemeka.

Mngedhani imeisha.

Kesho yake asubuhi nilipoamka kulikuwa na watu kwa kibanda cha Roland. Jirani wa kwanza amekuja kumpa Kiprotich ng'ombe. Nyuma yake mwingine. Nyuma yake mama mjane na mbuzi, akiuliza kama Mzungu huyo anapokea na mbuzi. Kila mtu anatoa kwa mdomo, Roland anapokea kwa mdomo, halafu anamwekea mwenyewe pale pale amtunzie. Nyapara alikuwa mwisho kwenye foleni. Alikuwa na wake pia.

Wattle ikabaki tupu. Ng'ombe ambao hawakuwepo wakarudi nyumbani mchana kweupe, na yule kijana aliyekuja kusoma umaskini wetu akawa na mifugo kuliko Bwana Kesho.

Siku ya kuondoka tulimsindikiza stesheni ya Eldoret. Mama alimpa kibuyu cha njiani. Treni ikiwa karibu kutoka, Baba akataka kumtania kidogo, akaniambia nimwulize kama anajua ana ng'ombe wangapi.

Roland akatazama watu waliokuwa wamejaa pale stesheni. Akakohoa.

"Ni wachache," akasema. "Mungu amenibariki."

Alichokiandika college sijui. Hatukumwona tena.

Bwana Kesho kila akiona ng'ombe mgeni aliuliza ni wa nani, nyapara anajibu wa Kiprotich, na yeye anasema atalishughulikia kesho. Hiyo kesho haikufika. Kilichofika ni Uhuru.

Lelgut alizaa mtamba siku chache baada ya mgeni kuondoka. Mama hakuwahi kumwita wake. Mpaka anazeeka, ukimsifia ng'ombe, alikuwa anasema, "Si wangu. Ni wa mtoto wangu mmoja yuko mbali." Nilidhani anaona uchungu. Baadaye nikaona alikuwa anajidai.

Sasa hapa Yamumbi nina ng'ombe mmoja, mweusi, mdomo mweupe. Mwezi uliopita amezaa. Chebet ameniambia, Kugo, tuuze huyo ndama nimalizie nauli. Nimemwambia nauli tutatafuta, ndama si wetu.

Amenicheka. Anasema mwenyewe alishakufa na karatasi hakuna.

Kwa hivyo Chebet, na wengine mnaoenda kukaa kwa watu, ushauri wangu ni huu. Kula unachopewa. Usihesabu. Ukishiba, mshukuru mwenye jiko, ndani ya jiko, na mlango umefungwa. Na ukiambiwa wewe ni mtoto wa hapa, chunga sana, kuna siku itabidi uwe.

Na ukimkuta huko mtu mwenye masikio mekundu anayesema babu yake alipenda maziwa ya kijivu, mwambie ana mali Yamumbi. Aje. Ila asije na kikombe cha kupimia.

Haya wakuu, nawaachia kesi. Huyu ndama ni wa nani? Msiogope kunikosoa, na wanasheria wa humu mje polepole, natumia miwani ya mke wangu.

Majibu nitayasoma yote. Mimi niko nyumbani, nitakuwa nimeenda wapi.